Taa ya Betri Ikiwaka Kwenye Pikapu ya Zamani, Anza na Mkanda

Vijana wengi ninaowatembelea hapa Kahororo wanapeleka ndizi na nyanya sokoni kwa Hilux za dizeli za miaka ya 1980 na 1990. Ni gari ngumu, na mafundi wanazijua. Shida inakuja taa nyekundu yenye picha ya betri ikiwaka. Mtu anasema "betri imekufa", ananunua mpya, siku mbili baadaye taa iko palepale. Jamani, taa ile inakuambia alteneta haichaji. Betri inaweza kuwa nzima kabisa.

Ikiwaka njiani, paki pembeni, zima injini, fungua boneti uangalie mkanda wa feni. Kwenye injini kama 2L, alteneta na pampu ya maji zinazungushwa na mkanda. Tena mgongoni mwa alteneta ipo pampu ya vakyumu inayosaidia breki. Mkanda ukikatika, injini inachemka na pedali ya breki inakuwa ngumu. Umetoka Muleba na mzigo, mbele yako mteremko, usiseme "nitafika tu". Usiondoke.

Mkanda ukiwa mzima, fuata hatua hizi:

1. Injini ikiwa imezimwa, bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba. Ukibonyea zaidi ya sentimita 1 hivi, umelegea. Kaza.

2. Safisha vichwa vya betri, kaza na waya wa eathi.

3. Pima betri kwa mita. Injini imezimwa, iliyojaa inasoma volti 12.6 hivi. Ukiwasha, ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, angalia fyuzi, kisha mpe fundi umeme alteneta. Mara nyingi ni makaa yameisha tu, na makaa ni rahisi kuliko betri. Ikipita 15, katauti imeharibika, itaunguza betri.

4. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa lazima iwake. Isipowaka, balbu imeungua au waya umekatika, na siku ya hatari hutapata onyo.

Fundi akitaka kuchomoa betri injini ikiwa inanguruma ili "apime chaji", mkatalie. Hapo ndipo katauti na daiodi zinapoungua.

Kabla ya msimu nunua mkanda wa akiba, uuweke kwenye gari pamoja na spana za kuufungia. Nyanya hazisubiri fundi.