Rambo limepigwa marufuku, kifuko cha ubuyu je?

Kengele ya mapumziko ikilia katika shule nyingi za msingi jijini Dar es Salaam, biashara huchangamka getini. Ubuyu mwekundu, karanga, embe mbichi za chumvi na pilipili, barafu za ukwaju: vingi vimefungwa katika vifuko vyembamba vya nailoni. Mtoto hung'ata kona ya kifuko cha barafu, hufyonza hadi rangi iishe, kisha hukiachia palepale aliposimama. Mvua ikinyesha kinaingia mtaroni, na safari ya kwenda baharini imeanza.

Sheria imefanya kazi kubwa. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017 kwa faini inayoweza kufika shilingi milioni 4 za Kenya, na Tanzania Bara Juni 1, 2019. Rambo, yaani mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa, likaondoka sokoni, vikapu vikarudi. Hata hivyo, marufuku hizo zililenga zaidi mifuko ya kubebea bidhaa. Chupa ya maji imebaki, na kifuko cha ubuyu nacho bado kipo.

Hapo ndipo watoto wanapohitajika, na si kwa kuimbishwa kaulimbiu. Kisiwani Bali, Indonesia, Melati na Isabel Wijsen walikuwa na miaka 12 na 10 walipoanza kampeni dhidi ya mifuko ya plastiki mwaka 2013. Walikusanya saini, wakagoma kula mchana, hadi gavana akakubali kukutana nao. Mwaka 2019 marufuku ikaanza kutekelezwa kisiwani humo.

Lamu, pwani ya Kenya, walichagua njia nyingine. Fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake waliyeyusha tani kadhaa za taka za plastiki, wakazigeuza mbao, wakaunda jahazi Flipflopi na kulivika vipande vya ndala zilizookotwa ufukweni. Lilishushwa majini 2018, na mapema 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Ndala iliyotupwa, mtoto aliiona na kuigusa ubavuni mwa chombo kinachoelea.

Shule isiyo na jahazi ina geti lake. Karanga na ubuyu hukaa vizuri katika koni ya karatasi safi. Juisi ya ukwaju inanyweka kwa kikombe ambacho mtoto ametoka nacho nyumbani, na mwalimu anaweza kukubaliana na mama muuzaji kwamba mwenye kikombe chake aongezewe kidogo. Muuzaji naye hapotezi, kwani vifuko huvinunua kwa fedha yake.

Chupa ya maji ni suala gumu zaidi. Mtoto hawezi kuambiwa aiache wakati bomba la shule limekauka au maji yake hayaaminiki. Kamati ya shule inayotaka kupunguza chupa za plastiki ianzie kwenye tangi lenye maji salama, lililofunikwa, lenye koki inayofanya kazi; baada ya hapo ndipo iwaombe wazazi chupa za kujazia.