Je, Jeshi Dogo la Wanamaji Lahitaji Silaha za Kuwinda Nyambizi?

Kaunti za Kitui na Makueni ziko mbali na bahari, na wengi wa wakazi wake hawajapata kuiona. Huenda basi mtu akadhani kwamba mambo ya nyambizi, yaani manowari ziendazo chini ya maji, hayamhusu mkulima wa Mutomo wala mfanya biashara wa Wote. Dhana hiyo si kweli, na historia yenyewe yaonyesha hivyo.

Katika Vita Kuu ya Pili, Ukambani ulitoa askari wengi sana. Walitoka Kitui na Machakos, na siku hizo Makueni ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos. Mwezi wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Ceylon, nchi ambayo leo huitwa Sri Lanka. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,500, pamoja na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, namba 301. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani, I-27, iliipiga meli hiyo kwa topedo, yaani makombora yaendayo majini. Ilizama kwa muda wa kama dakika mbili. Watu 1,297 walikufa. Wapiga mizinga wa Afrika Mashariki waliokufa walikuwa zaidi ya 600, na wale ambao bahari haikuwarudisha hukumbukwa katika makaburi ya vita ya Nairobi.

Yafaa msomaji aangalie jambo moja. Meli ile haikusafiri peke yake. Ilikuwa katika msafara wa meli tano za askari, ukilindwa na manowari tatu za Kiingereza, na mbili kati ya hizo, Petard na Paladin, zilikuwa na vyombo vya kusikiliza nyambizi. Juu ya hayo adui alipata nafasi yake mchana kweupe. Ndipo manowari hizo mbili zikamwinda, zikitupa mabomu ya kulipuka chini ya maji, mengine mahali pale pale walipokuwa wakiogelea walionusurika. I-27 ilipolazimika kupanda juu, mizinga haikuizamisha. Petard ilirusha topedo saba, na ile ya saba tu ndiyo iliyoimaliza. Ikiwa kazi ilikuwa ngumu hivyo kwa mabaharia wenye uzoefu wa miaka ya vita, je, itakuwaje kwa jeshi dogo?

Ugumu huo una sababu yake. Macho hayafai kitu chini ya maji, kwa hiyo nyambizi hutafutwa kwa sauti. Mtu akisimama mbele ya jabali kubwa na kupaza sauti, hungoja mwangwi umrudie, na kwa muda uliopita aweza kukisia umbali wa jabali. Chombo kiitwacho sona hufanya kazi hiyo hiyo baharini, ambako sauti huenda kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne kuliko hewani. Lakini katika bahari za joto kama yetu, maji ya juu huwa ya moto na ya chini baridi. Yanapokutana, sauti hupinda. Nahodha wa nyambizi ajua hayo, naye hujificha chini ya tabaka hilo kama paa ajifichavyo nyuma ya kichaka.

Kwa sababu hiyo meli moja yenye sona haitoshi. Zatakiwa meli kadhaa zifanyazo kazi pamoja, helikopta ziwezazo kushusha sona majini, ndege za doria, na topedo. Tena watakiwa mabaharia waliofunzwa kwa miaka mingi na kuzoezwa kila mara. Na mazoezi hayo yahitaji nyambizi ya kweli ya kuwindwa. Nchi isiyo na nyambizi yake yapaswa kuomba ya rafiki.

Wako wasemao kwamba gharama hiyo haiepukiki, nao wana hoja. Mwaka 1942 nyambizi za Wajapani zilizamisha meli zisizopungua 20 katika mlangobahari wa Msumbiji. Na leo mafuta, ngano na mbolea za Kenya huja kwa meli mpaka Mombasa, kisha hupita katikati ya Makueni kwa barabara, kwa reli na kwa bomba, kupitia Mtito Andei na Makindu. Njia ya bahari ikifungwa, bei itapanda Kibwezi na Mwingi kabla ya wiki nyingi kupita.

Hata hivyo silaha hununuliwa kwa kumtazama adui aliyepo. Korea ya Kusini yakabiliana na jirani mwenye nyambizi nyingi. Mwaka 2010 manowari yake Cheonan ilizama pamoja na mabaharia 46, na wachunguzi walisema ni topedo ya Korea ya Kaskazini, ingawa nchi hiyo ilikana. Nchi ya namna hiyo haina hiari. Lakini majirani wa Kenya, Somalia na Tanzania, hawana nyambizi. Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililoanzishwa Desemba 1964, limeshughulika zaidi na maharamia, wachukuzi wa dawa za kulevya na wavuvi wa wizi. Hao huja juu ya maji, na kuwazuia kwahitaji mashua nyingi ziendazo mbio, si sona ya thamani kubwa.

Jibu basi ni kwamba jeshi dogo halihitaji kuwa mwindaji kamili wa nyambizi, bali lisiwe kiziwi wala mjinga. Yako mambo ambayo laweza kuyafanya kwa gharama ya kiasi. La kwanza ni kupima kina cha bahari yake na joto la maji, kwa kuwa anayeijua bahari yake aweza kuwaongoza marafiki wakija kusaidia. La pili ni kuwafunza maafisa wachache na kufanya mazoezi na majeshi yenye nyambizi, kama la Afrika Kusini au la India, ili elimu isipotee. La tatu ni kuacha nafasi ya sona katika meli kubwa zitakazojengwa, ili iwekwe siku hatari itakapoonekana. La nne ni serikali kuweka akiba ya mafuta na nafaka barani, maana nchi yenye chakula ghalani haishindwi kwa meli moja kuchelewa.

Watu wa Kitui na Makueni, walioizoea miaka ya ukame, hawahitaji kufundishwa jambo hilo la mwisho. Akiba haiozi. Fedha zitumikazo baharini hutoka katika mfuko ule ule unaochimba visima na kujenga mabwawa ya mchanga. Kwa hiyo ni haki yao kuuliza kila silaha itamzuia adui yupi, na ni wajibu wa wenye kununua kuwajibu.