Yaliyopita Ambayo Bado Ni Ndwele

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele. Kiingereza kina umbo zima la kitenzi la kuwabishia, liitwalo timilifu: umbo la yale yaliyopita ambayo bado yanatuuma, yanatufaa au yanatuhusu. Mtu akikwambia "I lost my keys", amesimulia tu kwamba alipoteza funguo. Huenda zilipatikana jioni ile ile. Akisema "I have lost my keys", basi yuko mlangoni na hana pa kuingilia. Tendo ni moja na limepita vilevile, ila safari hii anazungumzia hali yake ya sasa.

Muundo wenyewe si mgumu. Hutangulia "have" au "has", kisha hufuata kitenzi kikuu katika umbo la tatu, lile tulilolikariri shuleni kwa sauti ya pamoja: go, went, gone, write, wrote, written. Kinachovutia zaidi ni asili yake. Katika Kiingereza cha kale, "have" ilikuwa ya kumiliki kwelikweli. Mtu alisema kitu kama "nina barua iliyoandikwa", yaani barua anayo na imekwisha andikwa. Karne zilivyopita, maana ya kumiliki ikafifia, maneno yakahama nafasi, na sentensi ikabaki kusema kwamba ameandika barua. Vitenzi vingi vya mwendo havikufuata njia hiyo. Vilitumia "be", na masalia yake tunayo hadi leo katika "he is gone". Lakini anayemiliki humiliki sasa, na "have" ya timilifu haijawahi kuusahau wakati uliopo.

Ndiyo maana mwalimu huichora mstari mwekundu sentensi "I have seen him yesterday". Maneno kama "yesterday", "last week", "two days ago" na "in 1999" hutaja muda uliokatika na sasa, na sentensi ya timilifu haikubali kukaa jana. Inakubali "today", "this year", "so far", "ever", "never". Neno la kuchezea hapa ni "this morning". Saa nne asubuhi utasema "I haven't had tea this morning", maana asubuhi ingalipo na chai bado yawezekana. Alasiri, kwa chai ile ile usiyoinywa, wengi watasema "I didn't have tea this morning".

Msidhani hii ni kanuni ya mantiki ya ulimwengu. Wajerumani wana umbo linalofanana sana na hili, nao hulitumia pamoja na jana bila wasiwasi. Mwanaisimu Wolfgang Klein aliandika makala kuhusu jambo hili mwaka 1992, akaliita fumbo. Kiswahili nacho kimesimama upande wa Wajerumani: "mgeni amefika jana" husikika kila siku na hakuna anayeshtuka. Kwa hiyo Mswahili anayekosea hapa hakosi akili. Amebeba uhuru wa kwao kuupeleka ugenini.

Walimu wengi hufundisha kwamba "-me-" ndiyo "have", basi. Kwa maoni yangu, msaada huo ni nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayotuaibisha. Chukua amechoka, amekaa, amesimama, amevaa, amekasirika. Kwetu "-me-" hapa hueleza hali aliyo nayo mtu baada ya tendo, na Kiingereza hueleza hali hiyo kwa "is": he is tired, he is sitting, he is standing. Muuguzi anayetaka kusema "mgonjwa amelala" akaripoti "the patient has slept", ametoa taarifa nyingine kabisa. Daktari ataelewa kwamba mgonjwa alipata usingizi, na pengine sasa yuko macho. Alipaswa kusema "the patient is asleep".

Upande wa pili wa mpaka huo, Kiingereza hudai timilifu mahali ambapo sisi tunatumia wakati uliopo. "Ninaishi hapa tangu 2015" ni Kiswahili kizuri. "I am living here since 2015" husikika sana Afrika Mashariki, na anayesikiliza ataelewa, lakini Mwingereza atasema "I have lived here since 2015" au "I have been living here since 2015". "Since" hufuatwa na mahali muda ulipoanzia. "For" hufuatwa na urefu wake. Ukiwa kwenye usaili wa kazi, chunga sana hapa. "I worked there for three years" humwambia mwajiri kwamba kule umeshaondoka. "I have worked there for three years" humwambia bado upo. Vivyo hivyo, mwenyeji akikuuliza "How long are you here for?", anataka kujua utaondoka lini, akiuliza "How long have you been here?", anauliza umefika lini. Ukichanganya majibu, mwenyeji atapika chakula cha siku zisizo zako.

Mwaka 1947 mwanafalsafa Hans Reichenbach alipendekeza kwamba ili kuelewa nyakati za vitenzi tuhesabu vituo vitatu badala ya viwili: wakati wa tendo, wakati wa kusema, na wakati ambao msemaji amesimama kulitazama tendo. Katika "I lost" msemaji amerudi nyuma hadi pale tendo lilipotokea. Katika "I have lost" amebaki sasa, anatazama nyuma. Kwa "had" anasimama katika wakati uliopita na kutazama nyuma zaidi: "When we arrived, the bus had left", tulipofika basi lilikuwa limeondoka. Hili halitusumbui, kwa kuwa "lilikuwa limeondoka" imejengwa kwa hesabu hiyohiyo.

Kusimama sasa kuna sharti moja ambalo vitabu vya shule hulipita kimya: mara nyingi mhusika sharti awe bado yupo. Abdulrazak Gurnah yu hai na bado anaandika, hivyo twaweza kusema "Gurnah has written many novels". Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwake haisemwi "has written"; ni "Shaaban Robert wrote many books". Hata hivyo "His books have taught generations of readers" ni sahihi, kwa sababu vitabu havikufa naye.

Wasomaji wa habari wa Uingereza huanza na timilifu kisha huiacha mara moja: "The minister has resigned. He handed in his letter last night." Sentensi ya kwanza huleta habari mezani, ya pili huanza kusimulia. Marekani mambo ni mepesi zaidi. Huko mtu husema "Did you eat yet?" na "I just ate", pale Mwingereza atakapopenda "Have you eaten yet?" na "I've just eaten". Zote ni sahihi kwao. Mtihani wako unafuata Kiingereza cha nani ni suala jingine.

Masikioni ndiko timilifu inakojificha. "Have" hubaki pumzi tu: I've, she's, they'd. "She'd gone" ni "had", "she'd go" ni "would", na umbo la kitenzi kinachofuata ndilo linalokuongoza. Wenyeji wenyewe hupotea hapa, wakaandika "should of" kwa kuwa sikio limewaambia hivyo. "You should have told me" ni lawama: ulipaswa kuniambia, hukuniambia. "She must have forgotten" ni kukisia kutokana na dalili, na Mswahili anakisia kwa njia iliyo jirani: atakuwa amesahau. Kama ni kuhusu safari, hata maneno yanakaribiana, "atakuwa amefika" kwa "she will have arrived by now", ingawa hakuna kati yetu aliyempigia simu.