Audi TT: Umbo lililowavutia wengi, na hatari iliyokuwa kwenye mkia wake

Mwishoni mwa mwaka 1999 na mwanzoni mwa 2000, kampuni ya Audi ya Ujerumani iliwaita wamiliki wa gari lake jipya la michezo, Audi TT, walirudishe kwa mawakala ili lifanyiwe marekebisho. Gari hilo lilikuwa sokoni kwa muda wa mwaka mmoja na ushei tu. Halikuwa na breki mbovu, usukani uliolegea wala tangi linalovuja. Lakini likiwa kwenye mwendo wa zaidi ya kilomita 180 kwa saa, dereva akikata usukani ghafla au akiachia mafuta katikati ya kona, magurudumu ya nyuma yaliweza kupoteza mshiko na gari lote likazunguka. Watu kadhaa walikuwa wameshapoteza maisha kwenye barabara kuu za Ujerumani.

Magari ya aina hii husifiwa kwa namba mbili: mwendo wake wa juu kabisa, na sekunde linazochukua kufika kilomita 100 kwa saa. TT lenye injini kubwa zaidi wakati huo lilikuwa na nguvu farasi 225, lilifika kilomita 100 kwa sekunde zipatazo 6.4, na lilikwenda hadi kilomita 243 kwa saa. Namba zote hizo zilikuwa za kweli. Hazikumwambia mnunuzi kitu kimoja: gari linafanya nini dereva akishtuka.

Gari lililotoka kwenye maonyesho

TT lilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1995 kwenye maonyesho ya magari ya Frankfurt, likiwa bado ni sampuli tu. Kwa kawaida sampuli za maonyesho hupendeza jukwaani, na zikifika kiwandani hupunguzwa kila kinachovutia mpaka gari la dukani halifanani tena na lile la picha. TT halikupitia hayo. Gari lililotoka mwaka 1998 lilifanana sana na lile la maonyesho: paa la mviringo, mgongo unaoteremka taratibu mpaka nyuma, bampa zilizoungana na bodi kana kwamba vimechongwa kutoka kipande kimoja, na kifuniko cha tangi la mafuta cha alumini kilichozungushiwa boliti zinazoonekana. Jina lilitokana na mashindano ya pikipiki ya Tourist Trophy katika kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland.

(Magari ya milango miwili ya namna hii huitwa kwa Kifaransa na Kijerumani kwa neno ambalo, likiandikwa kwa sauti ya Kiswahili, linakuwa “kupe”. Msomaji mfugaji atatuelewa tukibaki na “gari la milango miwili”.)

Chini ya bodi hiyo, hata hivyo, hapakuwa na mitambo ya ajabu. Chesisi yake ilitokana na ile iliyobeba Volkswagen Golf ya kizazi cha nne na Audi A3, magari ya familia ambayo hata Nairobi na Dar es Salaam yanajulikana. Injini ilikaa mbele, imelazwa upande kwa upande, na sehemu kubwa ya uzito wa gari ilikuwa mbele pia. Hilo si kosa. Mamilioni ya magari yametengenezwa hivyo. Lina maana moja tu: nyuma kuna uzito mdogo wa kuyakandamiza matairi barabarani.

Upepo unapopita juu ya mgongo

Kila tairi hugusa lami kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono. Viganja vinne hivyo ndivyo vinavyobeba kila kitu: kuongeza mwendo, kufunga breki, kukata kona. Mshiko wa kila tairi unategemea uzito unaolikandamiza. Punguza uzito huo, na mshiko nao unapungua.

Sasa fikiria hewa inayopita juu ya gari. Ikikuta mgongo wa mviringo kama ule wa TT, inaufuata, inateleza juu yake na kuongeza kasi. Hewa inayokwenda kasi juu ya mgongo uliopinda hupunguza shinikizo mahali hapo, na hewa ya chini, yenye shinikizo kubwa zaidi, inasukuma juu. Bawa la ndege hufanya kazi kwa kanuni hiyo, na tanga la jahazi lililojaa upepo nalo ni ndugu yake. Kwa hiyo mkia wa TT ulikuwa ukiinuliwa. Haukupaa, bila shaka, lakini ulikuwa mwepesi.

Ubaya ni kwamba nguvu hiyo haikui sambamba na mwendo. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ya kuinua huzidi mara nne. Kwa kilomita 60 kwa saa haihisiki kabisa, na kwa 120 dereva wa kawaida hataitambua. Kwa kilomita 240, ambazo gari hili liliweza kuzifika, ni mara kumi na sita ya ile ya kilomita 60. Ndiyo maana mtu angeweza kuliendesha TT mjini kwa mwaka mzima, akalisifu kwa wenzake, na asijue tabia yake ya pili.

Na Ujerumani ni nchi ambamo tabia hiyo ya pili ingejitokeza tu. Sehemu kubwa ya barabara zake kuu, zinazoitwa Autobahn, haina kikomo cha kudumu cha mwendo. Kuna pendekezo la kilomita 130 kwa saa, lakini ni pendekezo tu, na mtu aliyenunua gari la kilomita 243 hakulinunua ili atii mapendekezo.

Sekunde moja ya hofu

Chukulia dereva yuko kwenye njia ya kushoto, anakwenda kilomita 180 kwa saa. Hizo ni mita 50 kwa kila sekunde, yaani karibu nusu ya uwanja wa mpira. Mbele yake lori linatoka njia ya kulia bila kuangalia. Anafanya yale ambayo binadamu yeyote angeyafanya: anaondoa mguu kwenye mafuta, anakata usukani, pengine anakanyaga breki.

Mguu ulipoondoka kwenye mafuta, uzito wa gari ulihamia mbele. Abiria wa daladala anaijua nguvu hiyo. Ndiyo inayomtupa mbele dereva akipunguza mwendo ghafla. Matairi ya mbele yamepata uzito zaidi na yanashika vizuri, kwa hiyo gari linautii usukani upesi kuliko dereva alivyotarajia. Matairi ya nyuma, ambayo tayari yalikuwa na uzito mdogo na kupunguziwa tena na upepo, yamebaki na mshiko kidogo mno. Wakati huohuo yanatakiwa kuuzuia mkia usitoke kwenye mstari. Hayawezi. Mkia unatoka, na pua ya gari inaelekea ndani ya kona.

Dereva wa mashindano angegeuza usukani upande wa pili mara moja, kwa kipimo sahihi, na kuendelea na mafuta kidogo. Dereva wa kawaida hufunga breki zaidi. Breki huhamisha uzito mwingine mbele, na hapo gari huwa limeshamshinda.

Walikuwapo waliosema lawama ni ya madereva, kwamba mtu asiyejua kuendesha gari la michezo asilinunue. Hoja hiyo ina ukweli kidogo, ila inasahau jinsi gari lilivyouzwa. TT halikuuzwa kwa madereva wa mashindano. Liliuzwa kwa watu wanaopenda vitu vizuri, na bodi yake tulivu haikumwonya mtu.

Wala elimu ya upepo haikuwa ngeni. Porsche, kampuni ya Ujerumani hiyohiyo, iliweka mkia mdogo uliobinuka kama wa bata kwenye 911 Carrera RS 2.7 mwaka 1972, ili kuzuia nyuma ya gari isiinuliwe. Wahandisi waliijua kanuni hiyo zaidi ya robo karne kabla ya TT. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, mgongo ule ulibaki mtupu kwa sababu ulikuwa mzuri mno, na hakuna aliyetaka kuuharibu.

Dawa tatu

Gari liliporudishwa kwa mawakala, lilifanyiwa mambo matatu. Kwanza, nyuma kwenye buti kiliwekwa kibawa kidogo, ambacho mafundi wetu wanakiita spoila. Kipande hicho chembamba kinaikatiza hewa isiendelee kuufuata mviringo mpaka chini, na nguvu ya kuinua inapungua. Baadhi ya wapenzi wa TT walinung'unika kwamba umbo limeharibiwa. Pili, mfumo wa springi na shokapu ulibadilishwa ili gari liwe taratibu zaidi katika kuitikia usukani kwenye mwendo mkali. Kwa lugha nyingine, Audi ililifanya gari lisiwe kali kama zamani, kwa makusudi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, liliongezewa ESP, mfumo wa kielektroniki wa kulidhibiti gari lisiserereke.

ESP ilitengenezwa na kampuni ya Bosch kwa ushirikiano na Mercedes-Benz, chini ya uongozi wa mhandisi Anton van Zanten, na iliwekwa kwa mara ya kwanza mwaka 1995 kwenye gari jingine la kifahari la milango miwili, Mercedes S 600. Sensa moja inasoma dereva amekata usukani kiasi gani. Nyingine inapima gari linazunguka kwa kasi gani kwenye mhimili wake wa wima, nyingine inapima nguvu ya kulisukuma ubavuni, na kila gurudumu lina sensa ya mwendo wake. Kompyuta inalinganisha mambo mawili: dereva anataka kwenda wapi, na gari linakwenda wapi hasa. Yakitofautiana, inafunga breki ya gurudumu moja tu. Mkia ukianza kutoka, hufungwa gurudumu la mbele la upande wa nje wa kona, na gari linavutwa kurudi kwenye mstari. Mafuta pia hupunguzwa bila kumwuliza dereva. Hakuna binadamu anayeweza kufanya hivyo, kwa sababu pedali ya breki ni moja na magurudumu ni manne.

Ujerumani ilikuwa imeshapata somo kama hilo. Oktoba 1997, gari dogo la Mercedes A-Class lilipinduka huko Sweden wakati waandishi wa jarida la magari walipolijaribu kwa kukwepa ghafla, kama vile elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, ameingia barabarani. Mercedes ikaamua kuweka ESP kwenye kila A-Class. Kifaa kilichoanza kwa matajiri kikashuka kwa wenye magari madogo kwa sababu ya aibu hiyo.

Leo ni sheria. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Novemba 2014 kila gari jipya lazima liwe na mfumo huo, na Marekani ilikuwa imetangulia kwa magari ya mwaka 2012. Huko Marekani, utafiti wa taasisi ya bima inayoshughulikia usalama barabarani uliona kwamba mfumo huu unapunguza kwa karibu nusu hatari ya ajali za vifo zinazohusisha gari moja peke yake.

Taa ya manjano kwenye dashibodi

Wengi Afrika Mashariki huendesha magari yaliyokwishatumika Japani au Ulaya, na mengi yanakuja na mfumo huu. Utauona gari linapowashwa: taa ya manjano yenye picha ya gari lililoacha alama mbili za kuserereka. Inapaswa kuzimika baada ya sekunde chache. Ikibaki imewaka bila wewe kubonyeza kitufe cha kuuzima, mfumo umesimama, na mara nyingi sababu ni ndogo: waya wa sensa ya gurudumu uliokatika, matairi ya saizi tofauti mbele na nyuma, au sensa ya usukani isiyopangwa upya baada ya kufanyiwa alaimenti. Kuitoa balbu ili taa isikusumbue hakuponyi chochote. Nayo ESP haiwezi kuumba mshiko usiokuwapo. Tairi lililokwisha kwenye mvua linateleza na kompyuta yake.

TT lenyewe liliendelea kutengenezwa mpaka Novemba 2023, kwenye kiwanda cha Audi cha Győr, Hungaria. Kizazi cha pili, kilichotoka mwaka 2006, kilikuwa na spoila inayojificha ndani ya buti na kuinuka yenyewe gari likipita kilomita 120 kwa saa. Sehemu kubwa ya bodi ilikuwa ya alumini ili gari liwe jepesi, lakini nyuma wahandisi waliweka chuma, kizito zaidi, ili mkia upate uzito.