Afya ya mlezi ipimwe upya, si mara moja tu

Na Daktari Wetu

KUZAA si kazi, kazi ni kulea. Methali hii twaisikia kila siku, lakini aghalabu twasahau kwamba mlezi naye ana mwili unaochoka na kuugua.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja kutoka viungani mwa Kitale alinijia na fomu ya afisa wa watoto. Alikuwa akimlea msichana asiye wake, na muda wa kibali chake ulikuwa unakwisha. Nilimpima presha, nikatazama fomu ya awali iliyosema kwamba ni mzima, nikatia sahihi. Foleni ilikuwa ndefu. Sikumwuliza kama anakohoa.

Baada ya miezi mitatu alirudi na mtoto mgongoni. Mtoto huyo wa miaka mitatu alikuwa amekonda, akitokwa na jasho usiku na kukohoa bila kikomo. Mama mwenyewe alikuwa akikohoa tangu kabla ya siku ile ya fomu.

"Daktari, niliogopa kusema. Wangemchukua mtoto," akaniambia.

Ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu. Walitibiwa wote wawili wakapona, na mtoto akabaki kwa mama yake mlezi. Lakini kosa lilikuwa langu: nilipima karatasi, sikumpima mtu.

Nyumba hubadilika

Malezi ya muda ni pale mtoto anapowekwa katika familia isiyo yake bila kuasiliwa. Idadi ya familia zinazohitajika itaongezeka. Mnamo Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya 2022, pamoja na mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika familia.

Katika sehemu zetu ulezi si jambo geni. Ukimwi, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 na mapigano ya Mlima Elgon ya 2006 hadi 2008 viliwaacha watoto wengi mikononi mwa nyanya na shangazi, bila fomu yoyote. Ushauri huu unawahusu hao pia.

Nyumba iliyofaa mwaka juzi huenda isifae leo. Mlezi amepata kisukari, au macho yamefifia. Mgeni amehamia. Chandarua kimeraruka. Mtoto aliyetoka Kitale, kwenye nyanda za juu na baridi, akihamia Bungoma ambako malaria ni nyingi, huugua vibaya kwa sababu mwili wake haujaizoea.

Mambo ya kuangalia

Kibali kinapofanywa upya, yafuatayo yasiachwe:

• Uzito na kimo cha mtoto vilinganishwe na vya awali. Asipoongezeka uzito, kuna sababu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mzingo wa mkono chini ya sentimita 12.5 ni dalili ya utapiamlo. Chini ya 11.5 ni hatari.

• Kadi ya kliniki: chanjo, vitamini A na dawa za minyoo.

• Mtu yeyote nyumbani aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu. Watoto waliokaa naye wachunguzwe, na wasiougua wapewe dawa ya kinga.

• Presha na sukari ya mlezi, usingizi wake, huzuni na pombe.

• Jikoni: moshi unatoka wapi? Mtoto analala wapi, na nani?

• Mtoto azungumze na afisa au daktari faraghani.

Si mahakama

Ewe mlezi, usifiche ugonjwa. Presha ikitibiwa haimzuii mtu kulea, wala virusi vya ukimwi kwa anayemeza dawa zake ipasavyo. Kinachomdhuru mtoto ni ugonjwa uliofichwa.

Nasi madaktari na maafisa, tukipata ugonjwa, swali la kwanza liwe: mlezi huyu anahitaji msaada gani? Kumhamisha mtoto ni jeraha jingine. Lakini akipigwa, akinajisiwa au akinyimwa chakula, hapo hakuna kungoja kibali kiishe. Piga simu bila malipo nambari 116.

Siku hizi, kabla ya kushika kalamu, mimi huuliza kwanza: "Mama, unakohoa?"