Samaki Tele Dunga, Uji wa Mtoto Mtupu

Je, msomaji, utapiamlo waweza kuingia nyumba iliyo hatua chache kutoka ziwani? Waweza. Mtoto aliyeachishwa kunyonya akalishwa uji mtupu huvimba miguu na nywele zikafifia, hata akiishi Dunga, ambako samaki hushushwa kila siku.

Mbuta, aliyetiwa ziwani miaka ya 1950, alizagaa miaka ya 1980. Viwanda vya Kisumu vikapeleka minofu ng'ambo, mwenyeji akaachiwa mgongo wazi wa kukaanga. Omena nao, wengi huishia kuwa chakula cha kuku! Simlaumu mama anayeuza wote. Karo hailipwi kwa omena.

Lakini abakishe gorogoro moja. Omena huliwa mzima, kichwa na mifupa, ndipo hutoa protini pamoja na madini ya chokaa, chuma na zinki. Chagua walioanikwa juu ya nyavu, si mchangani. Waoshe, wakaushe kwenye sufuria bila mafuta wala chumvi, twanga, chekecha. Mtoto aliyetimiza miezi 6 atiliwe kijiko kimoja ujini, uchemke tena, huku akiendelea kunyonya.