Lumbesa ya Mkaa, Dumu la Maji

Saa kumi na moja alfajiri pale Segera, kabla mabasi ya Dar na Arusha hayajaanza kufukuzana, utawaona masela wanashuka na boda kutoka porini. Boda moja, gunia nne za mkaa, lumbesa zote, juu zimeshonewa majani mpaka ukiwa nyuma dereva humuoni. Taa wamezima, maana taa inaita njagu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilianza hiyo mishe nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaipiga miaka miwili, na sioni sababu ya kuficha. Mkaa ndio ulinilipia geto, mkaa ndio ulininunulia simu yangu ya kwanza ya tachi.

Kwa hiyo wanangu, nikiongea kuhusu miti ya Handeni siongei kama mtu aliyetoka semina na bahasha mkononi. Naongea kama mtu aliyekata.

Kwa dogo ambaye hajawahi kufika tanuruni: unaangusha mti, unakata magogo, unayapanga, unafunika kwa nyasi, juu unamwaga udongo, unawasha upande mmoja. Hapo ndipo shughuli inaanza, maana lazima ulinde. Wiki nzima, wakati mwingine mbili. Usiku unaamka kuziba nyufa, kwa sababu hewa ikiingia jasho lako lote linageuka majivu. Na tanuru la udongo lina njaa kinoma. Kupata kilo moja ya mkaa unaweza kuteketeza kilo nane za kuni, hata kumi. Lile gunia moja unaloliona kwenye boda, nyuma yake kuna shehena ya miti ambayo hiyo boda isingeiweza kwa safari moja. Hiyo hesabu sisi hatukuwa tunaipiga. Yetu ilikuwa fupi: gunia ngapi, shilingi ngapi, nani anachukua.

Na anayechukua ndiye anayekula. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilitoa ripoti kuhusu mkaa wa Bongo, ikakadiria biashara nzima inazungusha kama dola milioni 650 kwa mwaka, na serikali inapoteza mapato ya kama dola milioni 100 kila mwaka kwa mzigo unaopita kimya kimya bila kibali. Soko kubwa ni Dar, jiji moja linalounguza karibu nusu ya mkaa wa nchi. Mimi niliyekohoa moshi wiki mbili nilikuwa napata kiasi kidogo kuliko wote kwenye huo mnyororo. Mshikaji wa lori anapata zaidi yangu, mwenye stoo Dar anapata zaidi yake. Msitu unaondoka Kwamsisi huku Handeni, hela inabaki Tandika kule Dar.

Sasa ukikaa kijiweni Mkata au Kabuku ukauliza wana kwa nini tunakata hivi, jibu linakuja fasta: "Mwanangu, pori halina mwenyewe." Nimelisikia mara nyingi, na nimelisema mwenyewe. Ukitafakari, hilo neno pori ndilo linatumaliza. Ukisema shamba la mzee fulani, kila mtu anajua mpaka uko wapi, pale kwenye mkorosho. Ukisema pori, mipaka inafutika. Ukisema msitu wa serikali ndiyo balaa zaidi, kwa sababu kwa masikio ya mtaani cha serikali ni cha yule atakayewahi. Watu wanasema vijana wa Handeni hatuna elimu ya mazingira. Si kweli. Tunajua fika mvua zimepungua, tunajua zamani tanuru lilikuwa nyuma ya nyumba na leo unaendesha boda saa mbili kulifikia. Tatizo letu ni kwamba hakuna aliyewahi kutuambia, kwa namna inayoingia akilini, kwamba ule mti ni wetu.

Babu yangu ni Mzigua wa zamani. Ukimpa shikamoo yake vizuri na kahawa, anafunguka. Aliniambia utoto wake kulikuwa na vijisitu vya matambiko karibu kila upande wa kijiji, na humo hukati hata fimbo ya kuchungia mbuzi. Si stori za mzee tu. Watafiti waliopita Handeni na Upare Kaskazini miaka ya 1990 walivihesabu vijisitu vya namna hiyo kwa mamia, vingi vidogo tu, na vilikuwa vimesimama miaka na miaka bila askari wala kibao. Kizazi chetu tukaviita ushamba, wengine wakaviita ushirikina. Sisemi turudi kwenye mizimu, kila mtu ana dini yake. Nasema vile vijisitu vilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wanajulikana kwa majina.

Tuje kwenye maji, maana hapa ndipo roho inaniuma.

Mtu wa Handeni analijua dumu kama anavyomjua ndugu yake. Nimekulia kwenye nyumba ambayo bi mkubwa anaamka saa tisa usiku kuwahi foleni, na kiangazi kikikaza anarudi na madumu mawili ya maji ya lambo yenye rangi ya chai ya maziwa. Miaka ya 1970 serikali ilijenga mradi mkubwa tunaouita HTM, unavuta maji Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma mpaka Handeni. Mabomba yakazeeka, watu wakaongezeka, mashine zikachoka. Leo kuna mradi wa miji 28, ule uliosainiwa 2022 kwa mkopo wa India, na humo Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimewekwa kapu moja, chanzo ni mto uleule. Naufurahia kwa moyo wote. Siku bi mkubwa atakapofungua koki uani kwake nitalia, sitajificha.

Lakini mto una wateja wengi, wana. Pangani unaanza na maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu, unashuka Korogwe, halafu pale Hale kuna mitambo ya umeme ya megawati 21 iliyowashwa 1964, na chini yake New Pangani Falls ya megawati 68, toka 1995. Njiani kuna mashamba ya umwagiliaji, kuna viwanda vya mkonge vinavyoosha nyuzi, kuna mifugo, na sisi na madumu yetu. Vijito vinavyouongezea nguvu vinatoka milima ya Usambara, na huko juu nako shoka linalia.

Wana wa Korogwe huwa wanatutania sisi wa Handeni: nyie watu wa vumbi, sisi tuna mto. Utani wa jirani, haina noma. Ila kuwa na mto mlangoni kunawafanya wadhani hauwezi kuisha. Boda zinaoshwa mtoni na oili inaelea, chupa za maji zinatupwa palepale stendi, mvua ikija zinasombwa zote chini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 1 Juni 2019 na mtaa ulitii kwa kasi ambayo sikuitegemea, kwa hiyo tukiamua tunaweza. Mwaka huohuo, Oktoba, mvua zikamwagika mpaka barabara na madaraja ya pande zetu yakakatika. Sehemu inayolilia maji mwaka mzima ikazama kwa maji. Kilima kisichokuwa na miti hakishiki kitu. Maji yanapita juu juu, yanachukua udongo, yanasepa nao baharini, na baada ya miezi mitatu tupo kwenye foleni ya dumu.

Korogwe ina jambo lingine ambalo watu hawaliongelei. Ardhi tambarare, ile nzuri, kwa sehemu kubwa ni mkonge. Mkonge wenyewe ni mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani, na kutoka hapo ikafunika Tanga nzima. Kijana wa Korogwe anazaliwa katikati ya mistari ya mkonge wa kampuni, anakua, anataka ekari mbili zake, hazipo. Anapanda mlimani au anavuka kuja Handeni kufyeka. Humlaumu ukiwa unajua alikotoka. Na kinachonikera zaidi ni kwamba kwenye jani la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4 tu, hata pungufu, yote yaliyobaki ni mabaki. Pale Hale kampuni ya Katani ilishaonyesha miaka ya 2000 kwamba mabaki hayo yanatoa gesi, na gesi inazungusha umeme. Yaani nishati inarundikwa na kuoza Korogwe, huku sisi tunakwenda kilomita thelathini kuangusha mti.

Presha inazidi kutoka pande nyingine pia. Toka Juni 2022 familia za Wamaasai kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni, kwa hoja ya kuilinda hifadhi. Wamekuja watu, wamekuja ng'ombe, na ng'ombe anataka malisho na maji yaleyale tuliyokuwa tunagombania. Kule Magambazi kwenye dhahabu mashimo yanataka matimba ya kushikilia kuta, na matimba ni miti. Simnyooshei kidole mtu anayetafuta riziki. Nataka tu tukubali kwamba sote tunachota sufuria moja.

Serikali nayo imekuja na nishati safi. Rais Samia alizindua mkakati Mei 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia zilishakatazwa kuni na mkaa toka Januari 2024. Kwa nchi inayopoteza hekta 469,420 za misitu kwa mwaka kwa takwimu za serikali yenyewe, sipingi hata kidogo. Ila njoo uone jikoni kwa bi mkubwa. Mtungi wa kilo 6 upo, umekaa kwenye kona, umefunikwa kitambaa cha kufuma. Kuujaza ni zaidi ya elfu ishirini kwa mkupuo. Mkaa unaupata kwa kopo la buku, kesho buku nyingine, na mama muuza mkaa anakukopesha. Nyumba inayoishi kwa deiwaka haina elfu ishirini ya pamoja, ina buku ya leo. Dar kuna watu wanafungiwa mita kwenye mtungi, wanalipia gesi kidogo kidogo kwa simu kama luku. Hiyo ikifika Chanika na Chogo hapa Handeni, mtamuona bi mkubwa anavyohama bila kuhubiriwa.

Mwaka jana nilirudi kwenye tanuru langu la zamani. Nilikwenda na mdogo wangu, tukaacha boda kwenye mkwaju, tukatembea. Nilitegemea kukuta jangwa, kumbe mambo ni tofauti. Upande mmoja, tulipokata na kuondoka tu, visiki vilikuwa vimechipua, kila kisiki machipukizi matano, sita, mengine unene wa mkono wangu na marefu kunipita. Upande wa pili watu waliingia baada yetu, wakang'oa visiki, wakachoma, wakalima ufuta misimu miwili, wakahama. Huko kulikuwa na nyasi kavu na mfereji wa mmomonyoko naweza kusimama ndani nikafichwa mpaka kiuno. Shoka moja, mwaka mmoja, na matokeo ni mbingu na ardhi.

Ndiyo maana zile siku za kupanda miti, tunavalishwa fulana, tunapiga picha, halafu miche inakufa Agosti kwa kukosa mwenye dumu, huwa zinaniumiza. Wakati mti upo tayari chini, na mizizi yake, unaomba uachwe. Kule Kilosa kuna vijiji viligawa msitu wao vitalu vya mita 50 kwa 50, wanakata kitalu hiki, wanaruka kinachofuata, visiki vinaachwa, na wanarudi palepale baada ya miaka 24. Mkaa unapatikana na msitu unabaki. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kukusanya mapato yake chenyewe. Vijiji vya Handeni navyo viliingizwa kwenye mpango wa misitu uliofadhiliwa na Finland kuanzia 2018, kwa hiyo hili si jambo geni hapa kwetu. Nimeona wenye msitu wa kijiji wanavyoongea. Hawasemi pori. Wanasema kitalu namba fulani, na wanajua mpaka kwenye mti gani, kama ule mkorosho wa mzee.

Mdogo wangu alikuwa ameshika chipukizi moja analitikisa. Akaniuliza, "Braza, hii ya nani?" Nikakosa jibu, maana kijiji chetu mpango wa matumizi ya ardhi umekuwa ukiahirishwa tu.

Nilikwenda kumuuliza mwenyekiti. Alinipokea vizuri, akaniambia mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mwenye miaka 18, na kila ukiitishwa wanakuja wazee, kina mama na wafugaji wawili watatu. Vijana mara ya mwisho walikuwa wanne. Unaofuata ni Jumamosi, chini ya mwembe wa shule, na eneo la msitu lipo kwenye ajenda. Nimeshapita kijiweni kuwaambia wana: siku hiyo boda tunapaki saa nne asubuhi.